Nyuzi za Machi Katika Picha za Oktoba

Inspekta Naum Tabakov alikuwa mwana wa Gerasim, karani wa mahakama aliyetunza majalada ya wilaya kwa miaka thelathini na minne bila kupoteza ukurasa hata mmoja. Gerasim alikuwa mwana wa Stamen, mwalimu mkuu aliyemfelisha mwanawe wa kumzaa katika hesabu, kisha akamfundisha upya jikoni kila alfajiri hadi akafaulu kwa haki. Naye Stamen alikuwa mwana wa Sotir, mtengeneza ngozi, ambaye wanunuzi wa mji wa Vratsa hawakuwahi kupima ngozi zake kwa kuwa neno lake lilitosha. Hao ndio waliomlea Naum, na mjini pale hapakuwa na mtu, awe mwizi au awe hakimu, aliyethubutu kusema kwamba inspekta huyo ametoka katika nyumba ya hovyo.

Zlatina Peeva alilijua hilo alipoingia ofisini mwa Naum Jumatatu ya mwisho ya Februari. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji wa kiwanda cha mashuka, mwenye mabega mapana ya mtu anayebeba uzito uleule kila siku. Hakukaa. Alitoa karatasi tatu zenye muhuri, akazipanga mezani moja baada ya nyingine.

"Soma mwenyewe, mzee wangu. Mimi nimezisoma mpaka macho yameuma, na kila nikirudia naona wananiita mwongo kwa lugha ya adabu."

Zote tatu zilitoka kwa kamati inayogawa nafasi katika hospitali ya maji moto, ile ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Zote zilisema jambo moja: mtoto Boyana Peeva, umri miaka saba, mwenye mtindio wa ubongo, hawezi kupewa nafasi kwa sababu tayari anatibiwa katika utafiti unaofadhiliwa na serikali, na kanuni hairuhusu mtoto mmoja kuhudumiwa mara mbili.

"Na anatibiwa?" Naum aliuliza.

"Nilimpeleka mara moja. Machi ya mwaka jana. Wakampima, wakampiga picha, wakampa juisi. Wakaniambia, 'Nenda nyumbani mama, tutakupigia.' Nimekaa na hiyo simu hata bafuni."

"Mara moja tu? Una hakika?"

"Kama ningetaka kusema uongo, ningekwambia hawakumwona kabisa."

Naum aliandika jibu hilo neno kwa neno. Zlatina akatoa picha ya eksirei, akaishika dirishani. Mfupa wa paja la kushoto ulikuwa umeanza kutoka katika tundu la nyonga. Daktari wa mifupa alikwisha kumwambia bila kuzunguka: mtoto akipata wiki sita za mazoezi ya kila siku ndani ya maji moto, misuli italegea na yeye atamfanyia upasuaji kabla ya majira ya joto. Misuli isipolegea, hataweza kumpasua, na Boyana hataweza tena kukaa. Atalala.

"Kamati inakaa Ijumaa, saa sita mchana," Zlatina alisema. "Zimebaki nafasi nne za majira haya. Jina lake likitoka kwenye huo utafiti wao, anapata moja. Lisipotoka, hapati. Sikuombi unionee huruma. Niambie tu, mwanangu ametibiwa lini?"

Kituo cha Mwendo wa Mtoto kilikuwa katika jengo lililokuwa zamani bweni la wafanyakazi wa reli. Mlangoni palikuwa na kibao kipya cha shaba kilichotangaza kwamba utafiti wa mtindio wa ubongo kwa watoto wa jimbo hilo unafanyika kwa msaada wa serikali. Jumanne asubuhi, Naum alipokelewa na mkuu wa kituo, Profesa Evstati Marinchev, mtu mrefu mwenye mvi zilizochanwa vizuri, ambaye alimkaribisha kahawa na kumsogezea sahani ya vipande vya halua.

"Mimi na wewe ni watu wa rika moja, ndugu yangu Naum. Shule moja, viboko vilevile. Tusizungumze kama wageni."

"Nitakunywa kahawa tukimaliza, Profesa. Naomba jalada la mtoto Boyana Peeva."

Profesa hakubisha, wala hakuomba muda. Alifungua kabati, akatoa jalada, akalisukuma mbele ya mgeni wake kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake ya nyumbani. Ndani mlikuwa na karatasi kumi, Machi hadi Desemba. Kila karatasi ilikuwa na vipimo vya ukakamavu wa misuli vilivyokuwa vikipungua taratibu mwezi hadi mwezi, picha ya mtoto akifanyishwa mazoezi, na chini kabisa saini ya mzazi.

"Mtoto amepata nafuu kubwa," Naum alisema, akifuata namba kwa kidole.

"Kubwa sana."

"Nimeona eksirei yake ya wiki iliyopita. Nyonga inatoka."

Profesa alivua miwani, akaifuta. "Ugonjwa huu ni mgumu, Inspekta. Na hawa kina mama wana mateso. Mtu mwenye mateso husahau. Amekuja hapa mara kumi, amesaini mara kumi, na leo anakumbuka mara moja. Mimi simlaumu. Nawe usimlaumu."

Naum alichukua jalada, akaandika stakabadhi, akaondoka. Kahawa ilibaki mezani.

Jumatano alasiri mtaalamu wa maandishi alileta jibu. Saini zote kumi zilikuwa za Zlatina Peeva, bila shaka yoyote.

Sajini Dobri Lalev, aliyefanya kazi na Naum kwa miaka kumi na minane na kutafuna mbegu za alizeti kwa miaka yote hiyo, alitupa maganda katika kopo lake. "Basi mama katupiga chenga, mkubwa. Kapata cha kituo, sasa anataka na cha maji moto. Hata mimi ningekuwa na mtoto vile ningedanganya mpaka askofu."

"Mwite."

Zlatina alifika akiwa bado na nyuzi za kiwandani kwenye nywele. Naum hakumwonyesha uso wa upole wa Jumatatu. Alimwekea karatasi ya Machi mbele yake.

"Hii ni saini yako?"

"Yangu."

"Hii ya Juni?"

"Yangu."

"Na ya Oktoba?"

Aliivuta karibu, akaisoma. "Ni yangu. Lakini Oktoba sikuandika kitu."

"Umeikubali sasa hivi kwamba ni yako."

"Ni mkono wangu, mzee wangu, sitaukana mkono wangu! Siku ile, yule daktari msichana aliweka karatasi chini ya ubao, zikaonekana ncha za chini tu. Akasema, 'Weka saini hapa mama, na hapa, na hapa, tukupunguzie safari za kurudi kwa ajili ya makaratasi.' Nikaona ana utu."

"Ukasaini karatasi tupu."

"Nilikuwa nimembeba Boyana. Nilisaini kwa mkono mmoja. Wewe umewahi kubeba mtoto ambaye mwili wake unajikaza kama ubao? Ukimwachia kidogo anateleza. Nilitazama mtoto, sikutazama karatasi."

Dobri aliacha kutafuna. Naum alizisogeza karatasi zote kumi chini ya taa, akazipanga kwa miezi. Wino wa Machi ulikuwa mweusi mzito. Wa Mei ulikuwa hafifu kidogo. Wa Septemba ulikatika katikati ya herufi, na wa Desemba ulikuwa wa kijivu, umekwaruzwa mara mbili ndipo ukatoka.

"Kalamu moja," alisema Naum. "Inakauka karatasi kwa karatasi."

"Kalamu ya mezani inaweza kukauka mwaka mzima, mkubwa," Dobri alijibu, ingawa safari hii kwa sauti ya chini. "Wakili yeyote atasema hivyo."

"Atasema. Nami nitakuwa sina la kumjibu." Akamgeukia Zlatina. "Nenda nyumbani, binti yangu. Na usisaini kitu chochote, hata risiti ya maziwa."

Alhamisi asubuhi, barabara ya kwenda kazini ilikuwa imejaa meza. Ni desturi ya pale, wiki ya mwisho ya Februari, wanawake hutandaza mezani vishada vya nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja. Kila mtu, kuanzia waziri hadi mchunga mbuzi, hufunga uzi huo mkononi siku ya kwanza ya Machi kwa ajili ya afya, na huuvua amwonapo korongo wa kwanza au mti wa kwanza uliochanua, akaufunga tawini. Ifikapo katikati ya Aprili hakuna anayeonekana nao.

"Mzee Naum, chukua mapema," muuzaji mmoja alimwita. "Jumamosi utakuja unalia, nami nitakuuzia zile zilizochafuka."

Alichagua mmoja kwa ajili ya mjukuu wake, akanyoosha mkono kulipa, kisha akausimamisha mkono hewani. Muuzaji alidhani anataka kupunguziwa.

"Bei ni ileile, hata kwa serikali!"

Naum aliacha uzi mezani, akageuka, akatembea upesi kuliko ilivyompasa mtu wa umri wake. Ofisini alichukua kioo cha kukuzia, akainamia picha ya Oktoba. Boyana alikuwa amelala juu ya mpira mkubwa wa mazoezi, amevaa sweta ya kijani. Sweta ilikuwa imepanda kidogo mkono wa kushoto, na kwenye kifundo palikuwa na uzi mwekundu na mweupe. Akatazama Julai: sweta ya njano, uzi uleule. Desemba: sweta yenye kulungu, uzi uleule. Na mkono wa daktari ulioshika goti la mtoto, katika picha zote kumi, nao ulikuwa na uzi.

"Dobri. Ulikaa na hizi picha jana tangu alasiri. Kwa nini hukuuona huu?"

Sajini aliinama, akakunja uso, akanyooka polepole. "Nimeuona, mkubwa. Nimeuona tangu mwanzo. Ila huu uzi naujua tangu nazaliwa. Jicho linapita tu."

"Ndivyo lilivyopita jicho la aliyepiga picha, na la aliyezibandika, na la mkaguzi wa wizara, na langu. Walibadilisha sweta, wakabadilisha mpira, wakasahau kitu ambacho kila mtu chumbani alikuwa nacho mkononi."

"Kuna watu huuacha mpaka unaoza."

"Wapo. Mmoja, wawili. Tutajua ni wangapi tukipata majalada yote."

Alimwandikia mwendesha mashtaka ombi la amri ya upekuzi, kurasa mbili, bila neno la ziada. Jibu lilisema amri itasainiwa Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Ijumaa saa mbili na dakika ishirini, Naum alisimama katika ofisi ya Profesa Marinchev akamsomea amri yote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kama sheria inavyotaka: majalada yote na rejesta ya utafiti ni vielelezo kuanzia dakika ile, na mtu yeyote hataongeza, hatafuta wala hatabadilisha kitu ndani yake hadi mahakama iamue. Profesa alisaini kwamba ameelewa.

Majalada yalikuwa hamsini. Naum na Dobri waliyabeba hadi ukumbi wa mazoezi, wakatoa picha ya Oktoba ya kila mtoto, wakazitandaza sakafuni kwa safu. Kisha wakapita wakiwa wamepiga magoti, kila mmoja na kioo chake. Kazi ilichukua saa nzima.

Watoto thelathini na tisa walikuwa na uzi wa Machi mwezi wa Oktoba.

Kumi na mmoja hawakuwa nao. Naum alitoa majalada ya hao kumi na mmoja na kuyafungua yote. Humo nywele zilirefuka na kukatwa, meno yaling'oka na kuota, kidonda cha goti kilipona kikabaki kovu. Msichana mmoja aliyelala Machi alikuwa amekaa Agosti, na Desemba alisimama akiwa ameshika reli kwa mikono miwili.

"Hawa wametibiwa kweli," Dobri alisema. "Mungu wangu, mkubwa. Tazama huyu. Dawa inafanya kazi."

"Si dawa. Ni kazi tu. Mtu amemshika mtoto huyu mkono kila wiki." Naum alisimama, magoti yakalia. "Mlete yule daktari."

Daktari Siyana Vulkova alikuwa na miaka ishirini na saba. Aliziona picha sakafuni kabla hajafika mlangoni, akasimama hapohapo.

"Keti, Daktari. Mkono huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Picha hii imeandikwa Oktoba kumi na nne. Ilipigwa lini?"

Siyana aliuficha mkono wake mfukoni.

"Nitakuuliza kwa njia nyepesi. Uliuvua lini uzi wako mwaka jana?"

"Tarehe ishirini na saba Machi," alisema Siyana. "Mlozi wa nyumbani ulichanua." Kisha maneno yakamtoka yote pamoja. "Tuliwaita siku mbili, ishirini siku moja, kumi na tisa siku ya pili. Nilikuwa na kikapu cha sweta. Nilimvalisha kila mtoto sweta kumi, kina mama wakisubiri koridoni. Walifurahi, Inspekta. Walidhani ni mchezo."

"Vipimo?"

"Niliviandika nyumbani."

"Na kamati ya maji moto iliarifiwa na nani kwamba watoto hawa wanatibiwa hapa?"

"Fomu niliijaza mimi. Nilidhani itawasaidia. Nilidhani wakiwa kwenye orodha ya serikali, watakuwa wa kwanza mwaka unaofuata, tukipata wataalamu zaidi. Profesa alisema mwaka unaofuata tutawatibu wote."

Profesa alikuwa ameingia, akaegemea fremu ya mlango. Hakuna aliyemwita. "Mwache msichana, Naum. Alifanya nilichomwambia. Serikali ilisema haitafadhili utafiti wa watoto chini ya hamsini. Nilikuwa na wataalamu wa mazoezi wawili. Wawili! Niliandika barua sita kueleza kwamba watu wawili wanaweza kuhudumia watoto kumi na mmoja tu. Walijibu kwamba kumi na mmoja si sayansi. Basi nikawapa hamsini yao, ili nipate kumi na mmoja wangu."

"Ukawafungia mlango thelathini na tisa."

"Ambao hakuna aliyewahi kuwafungulia! Funga kituo hiki leo, na yule binti anayesimama atarudi kitandani kufikia vuli. Utawaonyesha wazazi wake nini, kioo chako?"

Naum alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Alitoka koridoni, akampigia mwenyekiti wa kamati, Bi Radosveta, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kujibu simu kama hiyo mara nyingi.

"Mtoto Boyana Peeva hayumo katika utafiti huu," alimwambia. "Hajawahi kuwemo. Nina ushahidi miguuni pangu."

"Mimi nakuamini, Inspekta. Lakini nakala ya rejesta iliyo mbele yangu inasema yumo. Mtoto aliyemo siwezi kumpa nafasi, nitafukuzwa kazi na nafasi itafutwa vilevile."

"Nakuletea barua ya polisi sasa hivi."

"Barua ya polisi si hukumu. Niletee hukumu ya mahakama, au aliyemwingiza amtoe. Ni saini moja tu ndani ya rejesta yenyewe, mkuu wa kituo anajua. Kabla ya saa sita."

Aliporudi ukumbini, Zlatina alikuwa amefika. Alikuwa ameomba ruhusa kiwandani na kumleta mtoto moja kwa moja, ili nafasi ikipatikana wasipoteze siku. Begi la nguo lilikuwa limening'inizwa nyuma ya kiti cha magurudumu. Boyana alikuwa msichana mwembamba mwenye macho makubwa, shingo imeegemea upande mmoja. Aliziona picha sakafuni, akajitafuta, akajipata, akacheka kwa sauti, mwili mzima ukicheka naye.

"Mimi!" alisema. Neno lilimchukua muda. "Mimi na... kulungu."

Dobri alikwisha kumwambia Zlatina kuhusu ile simu.

"Amesemaje mwenyekiti?" Zlatina aliuliza.

Naum alimwambia yote, bila kupunguza. Kabla hajamaliza, Profesa alikwisha kutoa kalamu mfukoni. "Nitamtoa. Nitawatoa wote thelathini na tisa, dakika hii. Leteni rejesta. Ni jambo la saini, mama, wala usihangaike."

"Mpe," Zlatina alisema. "Inspekta, mpe hilo daftari."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Nimekwisha kumsomea amri. Tangu nilipomsomea, rejesta ni kielelezo. Akitia saini ndani yake sasa, wakili wake atasimama mahakamani na kusema lilikuwa kosa la ofisi, likarekebishwa siku ileile mbele ya polisi, na mimi nikiwa nimeshika daftari. Kesi itakufa. Mwakani ataita watoto wengine hamsini."

"Hao hamsini wa mwakani mimi siwajui," alisema Zlatina. "Huyu namjua."

"Binti yangu..."

"Ulimsomea saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika ishirini."

"Kamati inakaa saa sita. Nilikwambia Jumatatu. Uliandika, nilikuona unaandika." Sauti yake haikupanda. "Ungemwacha asaini kwanza, ukamsomea saa saba."

Dobri alitazama sakafu. Naum alisimama wima kama alivyofundishwa kusimama, rejesta mkononi. Alichosema mwanamke yule kilikuwa kweli tupu. Hapakuwa na kifungu chochote kilichomlazimisha kusoma amri asubuhi. Alikuwa ameisoma asubuhi kwa sababu ilisainiwa asubuhi.

"Kesi itachukua muda gani?" Zlatina aliuliza.

"Miaka miwili. Pengine mitatu."

"Atakuwa na kumi."

Profesa bado alikuwa ameshika kalamu. "Amua, ndugu yangu Naum," alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko dhihaka. "Mimi niko tayari kutenda haki. Wewe ndiye unayenizuia."

Naum alifungua sanduku la vielelezo. Aliweka rejesta ndani, akaweka majalada hamsini juu yake, akafunga kamba mara mbili. Dobri aliwasha mshumaa. Lakiri nyekundu ilidondoka kwenye fundo, na Naum akaigandamiza kwa muhuri wa ofisi, akahesabu kumi, akauinua. Boyana alitazama moto wa mshumaa kwa furaha kubwa, akajaribu kuupuliza kutoka alipokaa.

Zlatina alisubiri hadi lakiri ikaganda. Hakulia wala hakutukana. Alilipanga upya begi la nguo ili lisimgonge mtoto mgongoni, akamfunika miguu, akakisukuma kiti kuelekea mlangoni. Gurudumu moja lilikwama kwenye kizingiti. Dobri alikimbia kumsaidia.

"Usiniguse," alimwambia, akakinyanyua kiti mwenyewe, akatoka.

Redio ya mlinzi koridoni ilitangaza saa sita mchana. Profesa alichukuliwa na askari wawili, koti lake likiwa begani. Siyana peke yake alibaki, ameketi kwenye benchi la mazoezi la watoto, magoti yakiwa juu kuliko kiuno, analia ndani ya viganja.

Naum alikwenda akasimama mbele yake.

"Acha kulia. Machozi hayo hayana mtoto yatakayemlegeza misuli. Inua uso unitazame, wewe, na wenzako wote mnaokuja nyuma yetu na vyeti vyenu na kalamu zenu nzuri. Mimi leo nimetenda kila kitu kama sheria inavyosema, na mtoto amepotea mikononi mwangu. Amepotea kwa kuwa kosa lililofika kwangu lilikuwa limekwisha kukomaa. Mahali pa kulizuia palikuwa kwenye kikapu chako cha sweta, siku ya kwanza, mtoto wa kwanza. Ulipoambiwa uandike usichokiona, ulitakiwa kuweka kalamu chini na kusema hapana, hata kama anayekuambia ana mvi kama zangu. Nasema hata kama ni mimi. Baada ya siku hiyo hakuna inspekta, hakuna hakimu, hakuna serikali itakayokuja kuwarekebishieni. Sikiombi kitu hiki. Nakiamuru. Umenisikia?"

Siyana alitikisa kichwa kukubali.

"Sitaki kichwa," alisema Naum. "Nijibu kwa mdomo, nisikie."